Deni la Kinshasa, Malipo ya Masisi na Walikale

Juni 30, 2010 Kinshasa iliadhimisha nusu karne ya uhuru kwa gwaride na wageni wa heshima. Kesho yake, Julai 1, habari njema zikatoka Washington: Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) zilitangaza kwamba Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo imetimiza masharti ya mpango wa nchi maskini zenye madeni makubwa, na kwa hiyo inafutiwa dola bilioni 12.3. Lilikuwa miongoni mwa madeni makubwa kabisa kuwahi kufutwa barani Afrika.

Julai 21, hukohuko Washington, Rais Barack Obama alitia saini sheria ndefu ya kusimamia mabenki. Ndani yake kilijificha kifungu cha 1502, kinachozitaka kampuni zinazouza hisa Marekani zieleze kama bati, koltani, volframu na dhahabu zinazotumia zimetoka Kongo au kwa majirani zake.

Ijumaa ya Julai 30, wapiganaji wa FDLR, kundi lenye mizizi Rwanda, na wa kundi la kienyeji la Mai-Mai Sheka waliingia Luvungi na vijiji vingine vya barabara ya Kibua hadi Mpofi, wilayani Walikale, Kivu Kaskazini. Walikaa siku nne, na katika siku hizo vijiji 13 vilivamiwa. Umoja wa Mataifa, ambao askari wake walikuwa na kambi palepale Kibua, baadaye ulihesabu watu wasiopungua 387 waliobakwa: wanawake, wanaume, wasichana na wavulana.

Septemba 11, Rais Joseph Kabila akapiga marufuku uchimbaji wa madini katika Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema. Marufuku hiyo ilidumu hadi Machi 2011. Wachimbaji wadogo waliokuwa wakilisha familia kwa jembe na koleo walilala na kazi, wakaamka hawana.

Magazeti yaliyaandika mambo haya manne kila moja katika ukurasa wake: deni kwenye uchumi, sheria kwenye habari za kimataifa, ubakaji kwenye vita, marufuku kwenye madini. Lakini mkazi wa Walikale aliyapata yote kwa pamoja, ndani ya miezi miwili na nusu. Na ukifuatilia yalikoanzia, utaona yanatoka kwenye daftari moja la hesabu.

Mkopo uliojulikana kuwa haulipiki

Mobutu Sese Seko alitwaa madaraka Novemba 1965. Miaka ya kwanza bei ya shaba ilikuwa nzuri na mabenki ya Ulaya na Marekani yalipigana vikumbo kumkopesha. Kati ya miradi iliyokula fedha nyingi ni njia ya umeme kutoka bwawa la Inga, magharibi kabisa mwa nchi, hadi migodi ya Kolwezi, kusini: kilomita 1,700 za nguzo na waya, zilizokamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Aina ya umeme iliyochaguliwa haikuruhusu vijiji vya njiani kuunganishwa kwa urahisi, hivyo umeme ulipita juu ya paa za nyasi bila kushuka. Kwa watu wa Kivu hata kupita haukupita. Ila deni la nguzo zile liliandikwa kwa jina la Wakongomani wote.

Waswahili husema dawa ya deni ni kulipa. Msemo huo unamfaa aliyekopa akala. Je, asiyekopa wala kula?

Wakopeshaji nao hawawezi kusema hawakujua. Mwaka 1978 IMF ilimtuma Mjerumani Erwin Blumenthal, mkongwe wa mabenki, akasimamie Benki Kuu ya Zaire. Alikaa takribani mwaka mmoja. Ripoti aliyoiandika mwaka 1982 ilieleza bila kupepesa jinsi hazina ya nchi ilivyochanganywa na mfuko wa Rais, na ikaonya kwamba wakopeshaji wasitarajie kurudishiwa fedha zao. Mwaka uliofuata IMF iliidhinisha mkopo mwingine. Ilikuwa zama za Vita Baridi; Mobutu alikuwa rafiki wa Magharibi, na rafiki hakatiwi mkopo.

Masharti yaliyoambatana na mikopo hayakumfika Mobutu. Septemba 1983 fedha ya zaire ilishushwa thamani kwa zaidi ya robo tatu kwa mpigo, na mshahara wa mwalimu na wa muuguzi ukageuka nauli. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilikuwa imeacha kuwalipa walimu mishahara ya maana. Wazazi ndio wakaanza kuchanga ile inayoitwa prime, yaani posho ya kumfanya mwalimu aje darasani. Asiyechanga, mtoto wake alirudishwa nyumbani. Kwenye hospitali ikawa hivyohivyo: mama aliyejifungua na kukosa fedha alizuiliwa wodini hadi ndugu walipe.

Septemba 1991 ikawa zamu ya wanajeshi. Askari wa miavuli wasiolipwa waliingia mitaani Kinshasa, wakapora maduka, na raia wakafuata. Tangu hapo kila kamanda alijifunza somo moja: askari asiyelipwa na serikali atajilipa mwenyewe, na bunduki ndiyo daftari lake la mshahara.

Kutoka hazina hadi Bisie

Somo hilo lilifika Walikale na viatu vyake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 bati iligunduliwa kwenye mlima wa Bisie, katikati ya msitu. Maelfu ya watu walimiminika. Kutoka Njingala, barabarani, hadi mlimani ilikuwa safari ya siku mbili kwa miguu kwenye matope, na wapagazi walirudi na mzigo wa kilo 50 begani. Kila baada ya mwendo fulani palikuwa na kamba iliyofungwa kati ya miti miwili. Nyuma ya kamba amekaa mtu mwenye bunduki. Mpagazi anashusha mzigo, anatoa fedha au kikombe cha mawe, kamba inalegezwa, anapita.

Madini yakishafika Njingala yalipelekwa Kilambo. Pale palikuwa na kipande cha lami kilichobaki cha barabara ya Bukavu hadi Kisangani, barabara ya zama za Mobutu ambayo sehemu kubwa ilikwisha kumezwa na msitu. Ndege ndogo zilitua juu ya lami hiyohiyo, watu na pikipiki wakikaa pembeni kuzipisha, zikapakia takribani tani mbili kila moja na kuruka kwenda Goma, makao makuu ya mkoa. Hivyo barabara iliyokusudiwa kuleta maendeleo Walikale iliishia kuwa uwanja wa kuondolea mali ya Walikale.

Walioshika mlima kwa miaka kadhaa, hadi 2009, walikuwa askari wa brigedi ya 85, wapiganaji wa zamani wa Mai-Mai waliovaa sare za jeshi la taifa chini ya Kanali Samy Matumo. Hawakuwa waasi. Walikuwa, kwa karatasi, watumishi wa serikali, ila serikali yenyewe haikuwalisha. Walipoondolewa, nafasi yao ilichukuliwa na askari waliotoka kundi la waasi la CNDP, lililoingizwa jeshini kwa mkataba wa Machi 23, 2009, mkataba uleule uliokuja kulipatia kundi la waasi la M23 jina lake. Ntabo Ntaberi Sheka, aliyekuwa mtu wa biashara ya madini, akaanzisha kundi lake la kugombania mlima huo. Mwaka uliofuata wapiganaji wake walikuwa Luvungi. Novemba 2020 mahakama ya kijeshi mjini Goma ilimhukumu kifungo cha maisha.

Hapa ndipo uhusiano wa deni na haki za binadamu unapoonekana kwa macho. Hakuna benki iliyoagiza mwanamke wa Luvungi abakwe. Lakini nchi iliyokamuliwa kwa miaka 30, kwanza na mtawala wake, kisha na masharti ya waliomkopesha huku wakimjua, ilikosa mwalimu, ikakosa hakimu, ikakosa askari anayetegemea mshahara. Pengo hilo likajazwa na wenye bunduki.

Kusamehewa kwa masharti

Mobutu alipokimbia Mei 1997 aliacha deni la dola zaidi ya bilioni 12, sehemu kubwa ikiwa malimbikizo na riba za kuchelewa. Waliofuata hawakuruhusiwa kusema hawalijui. Mwaka 2002, huku majeshi ya kigeni yakiwa bado mashariki mwa nchi, Ubelgiji, Ufaransa, Afrika Kusini na Sweden ziliikopesha Kinshasa fedha za muda ili ilipe malimbikizo yake kwa IMF, nayo IMF ikafungua mkopo mpya. Wanaharakati wengi walikuwa wakisema deni la dikteta halipaswi kumfuata mwananchi. Hoja yao haikusikilizwa. Kongo iliingizwa kwenye mpango wa msamaha Julai 2003 na ikasubiri miaka saba.

Mwishoni mwa kungoja huko kulikuwa na kizuizi kingine. Serikali ilikuwa imesaini na kampuni za China mkataba wa Sicomines: shaba na kobalti za Kolwezi kwa kubadilishana na barabara, hospitali na reli, jumla ya dola bilioni 9. Wakopeshaji wa zamani walikataa kufuta deni lao mpaka mkataba huo ukapunguzwa hadi bilioni 6. Walihofia Kongo kuingia madeni mapya, na hofu yao haikuwa ya bure. Februari 2023 Ukaguzi Mkuu wa Fedha wa Kongo ulionyesha kuwa miundombinu iliyokwisha kujengwa haikufika dola bilioni moja, huku madini yakiendelea kusafirishwa. Mkataba ulijadiliwa upya mwaka 2024.

Na hata deni lililofutwa lilikuwa na mkia. Kampuni ya Yugoslavia ya zamani, Energoinvest, ilikuwa ikiidai Kongo fedha za miradi ya umeme ya enzi za Mobutu. Haki ya kudai ikauzwa kwa mfuko wa Marekani uitwao FG Hemisphere, mmoja wa mifuko inayonunua madeni mabovu kwa bei ya chini na kuyadai mahakamani kwa bei kamili pamoja na riba. Dai likapanda hadi zaidi ya dola milioni 100. Mfuko huo uliwinda mali za Kongo Hong Kong, ukashindwa mwaka 2011, na kisiwani Jersey, ukashindwa Julai 2012 kwenye rufaa iliyosikilizwa London. Uingereza ilikuwa imepitisha sheria mwaka 2010 kuwabana wanunuzi wa aina hiyo. Kongo ilishinda, lakini kwa miaka mingi nchi yenye zahanati zisizo na dawa ililipa mawakili wa London na Hong Kong.

Kodi za usiku na mchana

Siku hizi ukitazama takwimu tu, Kongo si nchi yenye deni kubwa. Deni la umma ni chini ya robo ya pato la taifa, dogo kuliko la Kenya au Zambia. Wataalamu wanaweza kusema tatizo limekwisha. Wakazi wa Walikale na wa wilaya jirani ya Masisi watakuuliza: limekwisha kwa nani?

Kwenye vilima hivi watu wanalipa kodi kuliko mtu yeyote wa Kinshasa. Kwa miaka mingi makundi yenye silaha yametoza lala salama, mchango wa kila kaya ili usiku upite bila kuvamiwa. Kundi la NDC-R la Guidon Shimiray lilipotawala sehemu kubwa ya Walikale na Masisi liliuza jetoni, kipande cha karatasi cha faranga 1,000 kwa mwezi kwa kila mtu mzima. Mama aliyekwenda sokoni na ndizi alikiweka kwenye fundo la kitenge pamoja na nauli, kwa sababu akikutwa kwenye barieri, kizuizi cha barabarani, bila jetoni ya mwezi huo alilipa faini au alishikwa. Ongeza salongo, kazi ya kulazimishwa iliyoanzia utawala wa Mobutu na kurithiwa na wenye bunduki: kutengeneza barabara, kubeba mizigo, kujenga kambi. Ndipo uongeze ada na posho za shule, na bili ya hospitali.

Rubaya, wilayani Masisi, ni kituo cha hesabu hizi. Milima yake, Luwowo na mingineyo, inakadiriwa kutoa asilimia 15 hivi ya tantali ya dunia, madini yanayotokana na koltani na yaliyomo kwenye karibu kila simu ya mkononi. Kijana wa Rubaya huchimba shimo kwa mkono, wenzake hubeba udongo hadi kwenye mfereji, wanauosha kwa maji na koleo mpaka mchanga mweusi mzito ubaki chini. Kilo chache anazopata humfikia mnunuzi wa kati, negosia, ambaye amekwisha kumkopesha chakula na tochi na hivyo ndiye anayepanga bei. Mchimbaji naye, kama nchi yake, anaanza kila wiki akiwa na deni.

Aprili 30, 2024 M23 waliuteka mji wa Rubaya. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walieleza mwishoni mwa mwaka huo kwamba kundi hilo, linaloungwa mkono na Rwanda, lilikuwa limeanzisha utawala wa kutoa vibali na kutoza kodi kwa kila kilo ya koltani, likiingiza dola zisizopungua 800,000 kwa mwezi, na kwamba madini yalivushwa na kuchanganywa na ya Rwanda. Rwanda imekana mara nyingi. Hazina ya Kongo haikuona hata senti ya mrabaha wa asilimia 10 ambao kanuni za 2018 zinaitoza koltani kama madini ya kimkakati.

Tarehe tatu za Januari

Mwaka 2025 ulifungua ukurasa ambao wenye kumbukumbu ya 2010 waliutambua mara moja. Januari 4, M23 waliingia Masisi-Centre, makao makuu ya wilaya. Januari 15, bodi ya IMF mjini Washington iliidhinisha mpango mpya kwa Kongo wa zaidi ya dola bilioni 2.7, kuanzia usimamizi wa bajeti hadi mabadiliko ya tabianchi. Januari 27, Goma ikaanguka. Mabenki yakafunga milango, na watumishi wa serikali ambao mishahara yao ilipitia Goma wakabaki kutafuta fedha taslimu kwa mawakala wa simu wanaokata kamisheni nono.

Machi ikawa zamu ya Walikale. Kampuni ya Alphamin, ambayo tangu 2019 inachimba bati Bisie kwa mitambo ya kisasa na hutoa asilimia 6 hivi ya bati ya dunia, ilisimamisha kazi tarehe 13. Wiki moja baadaye M23 walikuwa Walikale mjini. Walijiondoa mwanzoni mwa Aprili, na mgodi ukarejea kazini siku chache baadaye. Mwaka 2024 pekee Bisie ilitoa tani 17,324 za bati, wakati bei ya soko la London ikicheza karibu na dola 30,000 kwa tani. Serikali ya Kongo inamiliki asilimia 5 ya mgodi huo na hutoza mrabaha wa asilimia 3.5. Kati ya mrabaha huo, sheria inatenga asilimia 15 kwa sekta au utemi wa mahali mgodi ulipo, asilimia 25 kwa mkoa, na asilimia 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo.

Nani anamdai nani?

Kwa sheria za Kongo zenyewe, mkazi wa Masisi ni mdai. Kifungu cha 58 cha Katiba ya 2006 kinampa kila Mkongomani haki ya kufaidi utajiri wa taifa na kuibebesha serikali wajibu wa kuugawa kwa haki. Kifungu cha 43 kinasema elimu ya msingi ni bure. Kifungu cha 175 kinaipa mikoa asilimia 40 ya mapato ya taifa yanayokusanywa humo, nacho hakijawahi kutekelezwa kikamilifu. Elimu ya bure ilianza kwa kweli Septemba 2019, na mwaka uliofuata Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 800, sehemu msaada na sehemu mkopo, kuisaidia. Hata hivyo walimu wengi walioajiriwa wakati huo walibaki nje ya orodha ya mishahara, wakifundisha kwa migomo na ahadi. Kwa hiyo mtoto atakuja kulipa mkopo wa elimu ambayo huenda hakuipata.

Kimataifa pia msimamo upo. Mwaka 2012 Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa liliidhinisha miongozo iliyoandaliwa na Mzambia Cephas Lumina: malipo ya deni yasiizuie serikali kutimiza haki za msingi za watu wake, na mkopeshaji ana wajibu kama mkopaji. Miongozo hiyo haina meno, lakini imesema lile ambalo Blumenthal alilijua tangu 1982.

Mahakama nazo zimeanza kugeuza daftari. Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325 kwa vita vya 1998 hadi 2003, milioni 60 kati yake zikiwa fidia ya maliasili. Fedha zinalipwa kwa awamu, ila wahanga wengi wanalalamika kwamba zinaishia kwenye ofisi za Kinshasa. Septemba 2025 aliyekuwa Waziri wa Sheria, Constant Mutamba, alihukumiwa kwa ubadhirifu katika mradi wa gereza wa dola zaidi ya milioni 19 zilizotoka kwenye fedha hizo za fidia. Dhidi ya Rwanda, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilisema mwaka 2006 kwamba haina mamlaka. Mlango uliofunguka ni wa Arusha: Juni 26, 2025 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilikubali kuisikiliza kesi ya Kongo dhidi ya Rwanda.

Yapo mambo ambayo hayahitaji kungoja Arusha. Mikataba yote ya mikopo, hasa ile inayolipwa kwa madini, ichapishwe na kupita bungeni kabla ya kusainiwa. Mgawo wa mrabaha wa Bisie ubandikwe kila robo mwaka kwenye ubao wa ofisi ya sekta, kwa Kiswahili, ukionyesha kilichopokelewa na kilichotumika. Na IMF inapokagua mpango wake, inapopima akiba ya dola na makusanyo ya kodi, iweke kipimo kimoja zaidi: walimu, wauguzi na askari wangapi wa Masisi na Walikale wamelipwa, na kwa miezi mingapi. Mkopeshaji anayetaka kujua kama fedha zake zimefika aanzie kwenye orodha ya mishahara ya shule moja ya msingi Walikale. Akikuta jina la mwalimu halimo, asithubutu kuandika kwamba mpango unakwenda vizuri.